Amana ya Bi Mize

Meli ilikuwa na ghorofa kumi na moja.
Kaunta yangu ya tatu, kando ya lifti,
pale wageni wanapopitisha kadi mara moja
wakasahau kuwa fedha ni kitu kinachoisha.

Yeye alikuja na kopo la maziwa ya unga.
Bi Mize Faki wa Wete, muuguzi mstaafu,
miaka thelathini na nne akipokea watoto wa wenziwe,
na kipande cha kiinua mgongo chake ndiyo tiketi hii.
"Wengine wanajenga," akaniambia. "Mie nyumba nnayo.
Nataka kuona maji yanaishia wapi."

Nikamwomba kadi, kama nilivyofunzwa.
Akatoa ya kupigia kura.
Akatoa ya kliniki, akatoa ya harusi ya mpwawe,
imekunjika, ya mwaka juzi.
Nikasema: ya mkopo, bibi.
"Mwanangu, sijakopa hata chumvi kwa jirani,
leo nije melini nikopeshwe chai?"

Nikamweleza: humu ndani fedha haitembei.
Chai huandikwa, soda huandikwa,
hata tabasamu la mhudumu lina bei yake, huandikwa kila usiku.
Asiye na kadi huweka amana, dola mia mbili,
tukawa tunakata humo humo.
Ikibaki inarudi.
"Kwa maandishi?"
Kwa maandishi.
"Basi chukua shilingi zangu."
Shilingi hatupokei.
Alicheka mpaka kopo likalia.
"Meli imefungwa Malindi, mlangoni petu,
na fedha yetu haipandi ngazi!"

Ikabidi ashuke. Saa tisa na nusu,
na ngazi huinuliwa kumi na moja.
Duka la kwanza Mkunazini limefungwa, watu wako msikitini.
La pili likampa noti zenye wino wa kalamu, akazirudisha.
La tatu sijui liko wapi, hakunambia,
ila alirudi na jasho hadi kwenye kope
na noti nne za hamsini, mpya,
akazipanga mbele yangu moja moja
kama mtu anayepanga sindano kwenye sinia.
"Hesabu. Hesabu tena. Risiti."

Siku sita, Moroni, Nosy Be, na kurudi,
alitembea na daftari la mistari.
*Chai, dola tatu. Haina iliki.*
*Chai, dola tatu. Leo nimewaambia.*
Alfajiri moja nilimkuta sitahani, viatu mkononi,
akitazama mbele.
"Hayaishii popote," akasema.
Hilo hakuliandika.

Asubuhi ya mwisho hesabu zikagongana.
Yangu mia moja hamsini na moja,
yake mia moja arobaini na saba.
Dola nne: pakiti ya korosho, ndani ya jokofu la chumbani.
"Nimeihamisha tu, nipate pa kuweka dawa yangu.
Tena korosho! Mimi!"
Nikapiga simu. Wakaenda kutazama.
Pakiti iko juu ya meza, haijafunguliwa.
Nikafuta. Nikamrudishia hamsini na tatu,
akazitia pindoni mwa kanga, mafundo mawili.

Watu wamejaa nyuma yake, yeye anasoma beji yangu.
"Suwedi. Wa wapi?"
Kikwajuni.
"Na wewe wamekushikia nini?"

Nikacheka, nikainamia mashine.
Pasipoti yangu iko sefuni tangu Februari.
Wakala aliyenitafutia kazi ananidai mishahara mitatu,
aliyoitaja kwa mdomo, kwenye simu,
na kila nikilipa inakuwa mitatu.

Sikusema hata moja katika hayo.
Akaliweka daftari lake juu ya kaunta,
lina kurasa nyingi bado nyeupe.
"Andika," akasema. "Kila kitu. Na tarehe."

Akashuka ngazi akihesabu vidato kwa sauti,
asije akatozwa kimoja zaidi.